Fundo la Mwisho wa Kamba

Maneno sita ndiyo yaliyonivusha bahari, kisha ziwa. Niliyaandika kwa mkono wangu mwenyewe mwaka 2021, nikiwa nimeketi barazani kwetu Mkunazini, kikombe cha kahawa pembeni: Kabla ya kushuka, ondoa mafundo yote. Nakumbuka nilivyoridhika nayo. Ukiihesabu sentensi hiyo utapata mizani kumi na nne, sita kwa nane, imepungukiwa mbili tu kutimia mshororo wa shairi, na mtu aliyezoea kupima maneno kwa vidole hupendezwa na vitu kama hivyo hata pale visipomhusu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya hisani. Mkwe wangu, aliyemwoa binti yangu wa pili, ni fundi wa kupanda minara ya simu, na kwao ni Muleba, mkoani Kagera. Alikuwa na kijitabu cha Kiingereza kinachofundisha matumizi ya kamba za kupandia na kushukia, na vijana aliokuwa akiwafunza Kiingereza chao kilikuwa cha kuombea maji. Akanipigia simu. "Baba, wewe si unafasiri mashairi? Hiki kitakuwa chepesi kwako." Nami nikaamini. Sikupita chuo, wala skuli yangu haikufika mbali. Kiingereza nilikiokota gatini nilipokuwa nikiandika hesabu za mizigo, na ushairi nikaupata kwa wazee waliokubali kusikilizwa. Mtu aliyejifunza mwenyewe ana ugonjwa wake: huona kila kazi ni ndogo ikiwa haina jina kubwa. Kijitabu cha kurasa arubaini kuhusu kamba nilikimaliza kwa wiki mbili, na katika wiki mbili hizo sikuigusa kamba hata moja.

Mwezi wa Agosti 2023 kijana mmoja katika wanafunzi wale, akiwa peke yake siku ya Jumapili, alifunga kamba juu ya mkaratusi nyuma ya nyumba yao ili ajizoeze kushuka. Kijitabu changu kilikuwa mfukoni mwake. Ukurasa wa tatu ulimwambia afunge fundo mwishoni mwa kamba, na akalifunga. Ukurasa wa kumi na moja ulimwambia aondoe mafundo yote kabla ya kushuka. Basi akafanya kama wanachuoni wanavyofanya wanapokutana na hukumu mbili zinazopingana: akachukua ya baadaye kuwa imeifuta ya kabla. Aliivuta kamba juu, akalifungua fundo la mwisho, akaitupa tena, akaanza kushuka. Kamba ilikuwa imejaa misokoto; kipande chake cha chini kilijikunja chenyewe kwa chenyewe kikanasa kwenye kisiki cha tawi, ncha ikabaki inaning'inia juu ya ardhi. Yeye alikuwa akitazama mikono yake. Ncha ikapita katika chuma cha kushukia, na kwa kuwa hapakuwa na fundo la kuizuia, akaanguka kimo cha watu wawili. Alivunjika kifundo cha mguu.

Kifundo cha mguu. Lugha nayo ina mizaha yake mibaya.

Wapenzi wa lugha watakuwa wamekwisha kuona nilipokosea. Neno la Kiingereza lililokuwa pale si fundo. Linataja ile hali ya kamba kujipinda palepale, ikafanya kijipete kidogo kigumu, bila mtu kuifunga. Fundo hufungwa na mtu, lina nia ndani yake. Kile kingine hujileta. Nilijua tofauti hiyo, maana nilizaliwa Jambiani, na Jambiani ya utoto wangu ilikuwa ni kamba. Makumbi ya nazi yalizikwa pwani katika mashimo, yakawekewa mawe juu, yakakaa miezi mpaka yakaoza nyama na kubaki nyuzi. Yakifukuliwa hunuka harufu ambayo mpaka leo nikiisikia nasikia njaa, kwa sababu ilikuwa ndiyo harufu ya mikono ya mamangu anapotupakulia chakula. Usumba ule ulipondwa kwa magongo, ukaanikwa, na alasiri wanawake walikaa vivulini wakapota kamba, nyuzi mbili baina ya viganja, kila uzi ukisokotwa kwenda upande mmoja na kamba nzima ikijipinda kwenda upande wa pili. Hapo ndipo ilipo siri ya kamba yoyote ya kusokotwa: uzi unataka kujifungua, kamba inataka kujifungua, na kwa kuwa kila mmoja anataka kuelekea kwake, wanazuiana. Ukizidisha msokoto upande mmoja umeiharibu sulhu, na kamba itajipinda popote itakapopata nafasi.

Marehemu mamangu, akiona kamba imejipinda hivyo, alikuwa akituonya tusiivute. Tulikuwa tukitaka kuivuta, maana mtoto akiona kitu kimepinda hutaka kukinyoosha kwa nguvu. Ukivuta, kile kijipete hukaza, nyuzi huachana pale pale, moja ikatoka nje kama mfupa, na kamba ikishafanya hivyo hairudi kuwa nzima hata uipige pasi. Yeye aliishika pale ilipopinda, akaizungusha taratibu kurudi ilikotoka, akiusogeza msokoto mbele kidogo kidogo mpaka ukatokea nchani. Aliyafanya hayo huku akizungumza mambo mengine. Sikumbuki kama alikuwa na neno moja la kuitaja hali ile. Huenda ndiyo sababu, nilipofika ukurasa wa kumi na moja, mkono ulikwenda ukachukua neno lililokuwa karibu.

Habari za kuanguka kwa kijana zilinifikia kwa binti yangu, naye alizieleza kwa upole, bila kunilaumu. Mkwe wangu hakusema lolote kwa miezi miwili. Nikaona niende.

Niliondoka Unguja mwanzoni mwa Novemba, nikapanda basi Dar es Salaam hadi Mwanza, na Mwanza nikaingia katika meli ya New Victoria. Meli hiyo iliingia ziwani 1961 na ikarejea safarini 2020 baada ya matengenezo makubwa. Ni safari ya usiku. Abiria wenye umri wangu hawailali vizuri, kwa kuwa njia ni ile ile ya MV Bukoba iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na kila mtu wa Kagera ninayemjua ana jina la kulitaja kutoka katika meli ile. Alfajiri tukatia nanga Kemondo. Nilisimama ubaoni kutazama mabaharia wakitayarisha kamba za kufungia meli, kamba nene kama paja la mtoto, na nikaona jambo ambalo ningaliliona miaka miwili nyuma lingalinifaa: hawakuwa wameizungusha kamba kwa duara. Walikuwa wameilaza kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kama mtu anayekunja shuka. Ilipotupwa ilitoka yote, haikushika popote.

Mkwe wangu alinipokea Bukoba mjini. Kabla ya kupanda gari kwenda Muleba alinipeleka ufukweni, upande wa uwanja wa ndege, ambako njia ya kurukia inakaribia maji. Hakunieleza sababu, na sikuhitaji kuuliza. Ulikuwa mwaka mmoja tangu Jumapili ile ya tarehe 6 Novemba 2022 ambapo ndege ya Precision Air, ikitoka Dar es Salaam na watu 43 ndani yake, ilitua ziwani badala ya uwanjani. Wavuvi ndio waliofika kwanza kwa mitumbwi yao. Watu 24 walitoka hai, 19 wakafa, na marubani wote wawili ni miongoni mwao. Majaliwa Jackson, kijana mvuvi aliyesaidia kuufungua mlango wa nyuma, alisimulia baadaye akiwa kitandani hospitali kwamba alipiga mbizi hadi kwenye chumba cha marubani, akawasiliana nao kwa ishara kupitia kioo, kisha akafunga kamba kwenye mlango wa dharura ili mitumbwi iuvute. Kamba ikakatika, ikampiga usoni, akazimia. Waziri Mkuu aliyekuja Kaitaba kesho yake kuwaaga marehemu naye ni Majaliwa, na kijana yule akapelekwa kujiunga na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Hayo yote nchi nzima iliyasikia.

Mkwe wangu alinionyesha mahali watu walipopanga safu ufukweni kuivuta ndege kwa kamba. "Baada ya siku ile, Baba," akasema, "vijana wengi walikuja kwangu kutaka kujifunza. Huyu aliyeanguka alikuwa mmoja wao. Hakutaka minara. Alitaka kamba." Kisha akawasha gari.

Njia ya Muleba inapanda na kushuka baina ya migomba, na mimi mtu wa visiwani, niliyezoea migomba michache nyuma ya nyumba, nilishangaa kuona nchi nzima imejificha chini ya majani yake. Ndizi hapa si tunda, ni chakula, na mti wake ni duka la vifaa: maganda makavu ya mgomba yanafunga mizigo ya kuni, yanafunga mikungu juu ya baiskeli, yanafungia hata mipira ya watoto. Hayadumu, lakini hayana kiburi; yakichoka hukatika polepole na mtu huchuma mengine. Ulikuwa msimu wa senene. Kila kilima kilikuwa na mabati yaliyosimamishwa na taa kali mbele yake, na usiku ule nilidhani kuna harusi kumi.

Jambo moja lilinichekesha nikiwa katika huzuni yangu. Wajukuu wangu wamezaliwa kule, na baba yao wanamwita Tata, kama wanavyoita Wahaya. Kwa masikio yangu ya Kiswahili tata ni uzi uliochanganyika, na ndipo tulipopata utata, kutatiza na kutatua. Basi asubuhi nzima nikisikia "Tata! Tata!" nyumba nzima, nami nina kitabu changu chenye kosa ndani ya mkoba. Sikuwaambia.

Tulikwenda kwa kijana yule alasiri. Mama yake alitukaribisha, akatuletea buni zilizokaushwa za kutafuna, kwani hiyo ndiyo heshima ya mgeni katika nchi hii ambayo wakulima wake wanaishi kwa mti wa kahawa. Nilimkabidhi halua niliyotoka nayo Unguja na bahasha ndogo. Halua aliipokea. Bahasha aliitazama, akaiweka mezani baina yetu, na pale ikabaki. Kijana alitoka ndani akichechemea. Bandeji gumu lilikuwa limetolewa wiki chache nyuma.

"Shikamoo, Mzee."

Nikaitikia. Nilikuwa nimejitayarishia maneno tangu Mwanza, maneno ya kuomba radhi yenye mwanzo na mwisho, nami ni mtu ambaye maneno ndiyo kazi yangu. Hayakutoka. Nilichosema ni: "Sentensi ile niliiandika mimi."

"Najua, Mzee. Jina lako liko mbele."

"Ilikuwa na makosa."

Akafikiri kidogo. "Mimi niliona haina makosa," akasema. "Niliielewa vizuri sana. Ndiyo maana nikaifuata." Hakuwa na kejeli. Alikuwa akinieleza jambo alilolifikiria kwa miezi mitatu kitandani. Katika miaka thelathini ya kuandika nimesemwa na wahakiki wa namna mbalimbali, wengine wakiwa na haki, lakini hakuna neno lililoniingia kama lile. Ningaliandika sentensi mbovu, yenye kigugumizi, pengine angalisimama akauliza. Ile ilinyooka mno.

Mkwe wangu, aliyekuwa kimya tangu tuingie, ndipo aliposema kwamba naye aliisoma kabla ya kuigawa, akaipita. "Macho yangu yalisoma Kiingereza chini yake," akasema. Kumbe miezi miwili ya kimya chake haikuwa hasira juu yangu peke yangu.

Tukaanza kazi upya pale pale, watatu, kalamu yangu na kamba yao. Nilitaka neno. Nilitaja msokoto, wakasema msokoto ni wa kamba nzima, kila kamba ina msokoto, bila huo si kamba. Nilitaja mkunjo, wakasema mkunjo ni wa nguo. Nilitaja kigosho, neno nilipendalo, wakanitazama kwa adabu. Hapo kijana akasema wavuvi wa mwaloni, anakotoka mjomba wake, husema kamba imejizonga. Kitenzi tu, si jina. Kamba imejizonga, basi. Huhitaji kukipa jina kile kilichotokea, unasema kamba imefanya nini. Nikakumbuka kwamba mamangu naye hakuwa na jina la kitu kile, na nikaacha kulitafuta.

Kisha wakanifundisha nilichokuwa nimekifasiri. Kamba za kupandia za leo si za kusokotwa kama zetu za usumba. Zina kiini cha nyuzi ndefu kinachobeba sehemu kubwa ya uzito na ganda lililosukwa la kukilinda, namna iliyoanzishwa na kampuni ya Edelrid ya Ujerumani mwaka 1953. Lakini nazo hujizonga, na mara nyingi ni mikono yetu inayozitia msokoto. Ukiizungushia kamba kiwikoni na kiganjani, kama wanavyofanya watu wengi, kila duara moja unaitia mzunguko mmoja kamili. Duara arubaini, mizunguko arubaini, na yote itakungojea siku utakapoitupa. Ukiifungua kamba mpya kutoka kwenye gurudumu lake kwa kuivuta kwa ubavu, badala ya kuliacha gurudumu lizunguke, ni hivyo hivyo. Chuma cha kushukia chenye umbo la nane nacho huisokota kamba inapopita ndani yake na kuisukuma misokoto chini, kule asikokutazama anayeshuka. Kwa hiyo kamba huingizwa katika mfuko ikianza na ncha, ovyo ovyo, bila duara lolote, na hutoka safi. Nilicheka niliposikia hilo. Mimi mtu wa vina na mizani kuambiwa kwamba kinachotoka safi ni kile kilichoingizwa ovyo!

Na kamba ikishajizonga? Wavuvi huifunga nyuma ya mtumbwi na kuiburuta ziwani, ncha ikiwa huru, maji yakaisokotoa. Wapanda minara huining'iniza. Jambo moja tu halifanywi, nalo ni lile alilotukataza mamangu.

Sentensi mpya iliandikwa mara saba. Hii hapa, na haina mizani yoyote: Kabla ya kushuka, tazama kamba yote mpaka chini uone kama imejizonga. Ikiwa imejizonga usiivute kwa nguvu. Sukuma mizongo kwa mkono kuelekea kwenye ncha mpaka itoke. Fundo la mwisho wa kamba usilifungue, na kama halipo usishuke. Maneno ya mwisho, kuanzia "na kama halipo", ni ya kijana. Niliuliza kama hayarudii yaliyotangulia. Akasema yanarudia.

Jua lilikuwa linashuka upande wa Karagwe tulipokwenda nyuma ya nyumba, penye mkaratusi. Kisiki cha tawi kilikuwa kimekatwa. Mkwe wangu akapanda, akaifunga kamba juu, na kabla hajaiachia akaita, na kijana aliyekuwa chini akamjibu kwamba ncha iko mikononi mwake. Akalifunga fundo. Alilifunga taratibu, akalikaza kwa kuvuta ncha zote mbili, kisha akanipa nilishike. Lilikuwa gumu, dogo kama yai la njiwa. Nililigeuza mkononi kwa muda kuliko ilivyohitajika, nao wakaniacha.

Nilipoliachia, kamba ikaanza kuzunguka. Kwanza polepole, kisha kwa kasi, fundo likichora duara hewani juu ya majani makavu, likasimama, likafikiri, likarudi nyuma mizunguko michache, likasimama tena. Mdogo wake kijana, wa miaka sita au saba, alikuwa akihesabu kwa Kihaya kwa sauti kubwa, na kila ilipogeuka alianza upya. Mama yao akatoka mlangoni na sahani ya senene wa kukaanga. Bahasha yangu ilikuwa juu ya sahani ile, kando ya senene, haijafunguliwa. Nikaichukua, nikaitia mfukoni, nikanawa mikono.